Kurasa za Mwisho za Bibi Idonia

Siku ya kwanza kazini niliambiwa ninuse vitabu. Mwenye Duka alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya duka lake mjini Kitale, hatua chache kutoka msikitini, akanirundikia riwaya miguuni, akasema, "Nusa kimoja kimoja, binti. Kinachonuka udongo tenga huku. Kinachonuka sabuni weka kule. Kinachonuka moshi nipe mimi."

Nilinusa tangu saa tatu mpaka mwadhini alipoita watu kwenye sala ya adhuhuri. Sikuuliza sababu. Wakati ule nilikuwa mtu wa haya kupita kiasi, nimemaliza darasa la nane tu, na niliweza kushinda kutwa nzima bila kusema zaidi ya "ndiyo" na "asante". Maelezo yalikuja baadaye. Harufu ya udongo ni ya kuvu, na kitabu chenye kuvu huambukiza vingine. Harufu ya sabuni maana yake kitabu kilikaa kabatini pamoja na nguo, kwa hiyo uti wake ni mzima. Harufu ya moshi inaonyesha kilisomewa jikoni, na kitabu cha jikoni mara nyingi hakina kurasa za mwisho. Moto ukikataa kuwaka, mkono hung'oa karatasi iliyo karibu, nayo huwa ya nyuma.

Naandika haya polepole, kama nilivyozoea kuandika, kwa sababu kazi yetu inakwisha. Vijana wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara siku hizi hawajui kwamba iliwahi kuwapo. Mimi si mzee. Niliiacha kazi hii katika umri ambao wenzangu ndio kwanza wanaanza yao. Lakini tuliokuwa tukiijua tulikuwa wachache, na wengine hawataki kuizungumzia.

Duka lilikuwa la kuazimisha. Msomaji alichukua riwaya, akakaa nayo wiki moja, akairudisha na kuchukua nyingine. Vitabu vilikuja katika marobota pamoja na mashuka na makoti kutoka ng'ambo, na karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Vilivyopendwa kuliko vyote vilikuwa vile ambavyo wateja wetu waliviita "mabibi wa ngome". Hizi ni hadithi za mapenzi za Uingereza ya kale, enzi za majumba ya mawe na askari wa farasi waliovaa chuma. Ndani yake daima kuna mwanamke wa ukoo mkubwa ambaye mume wake amekufa vitani au baba yake amefilisika, na kuna mwanamume anayeitaka ardhi yake, na mwingine anayemtaka yeye mwenyewe.

Watu wengine walicheka wakiona mama wa kule Kibomet, nje kidogo ya mji, aliyetoka kupalilia mahindi akibeba kitabu chenye picha ya binti wa Kizungu mwenye nywele mpaka kiunoni. Mwenye Duka hakucheka. "Huyu bibi ana shamba," alisema. "Mume amekufa. Ndugu za mume wako mlangoni. Unafikiri mama huyu anahitaji kufafanuliwa nini?"

Kazi ya pili ilikuwa kushona. Uti wa kitabu ni ule mgongo unaoshika kurasa, na ukilegea kitabu hufa vipande vipande. Tulitoboa kwa msumari mwembamba, tukashona kwa uzi wa viatu uliopakwa nta, tukabandika kitambaa juu yake kwa gundi ya unga wa ngano iliyochemshwa. Kazi hiyo niliijua ndani ya mwezi mmoja.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonifanya nibaki. Iliitwa kumalizia. Kitabu kilichokosa kurasa za mwisho hakikutupwa. Kilisomwa mpaka pale kilipokatikia, kisha mmoja wetu aliandika mwisho kwa mkono, kwa Kiswahili, katika karatasi za daftari zilizokatwa kwa kipimo cha kitabu. Kwa hiyo kiwiliwili cha kitabu kilikuwa cha Kiingereza na mkia wa Kiswahili, na wasomaji waliupenda mkia kwa sababu waliweza kuwasomea watu wa nyumbani kwa sauti. Tulipomaliza tulifunga mkia, yaani tulipaka gundi kidogo kwenye ukingo wa kurasa zile zilizoandikwa ili mtu asichungulie mwisho akiwa dukani. Msomaji alizifungua kwake kwa ncha ya kisu. Mama mmoja aliniambia kwamba sauti ya kisu ikipita pale ilimpendeza kuliko hadithi yenyewe.

Mwenye Duka alinichagua kwa sababu ya mwandiko. Naandika taratibu sana, herufi moja baada ya nyingine, kwa hiyo kila mtu huweza kunisoma. Alinifundisha kwanza sheria za enzi zile, maana bila hizo huwezi kumalizia. Mjane alistahili theluthi ya ardhi ya mumewe mpaka kufa kwake. Mtoto mrithi angeweza kuchukuliwa na mfalme alelewe na mtu mwingine, na mali yake iliwe na mlezi huyo. Mjane mwenye ardhi angeweza kuozwa kwa nguvu. Nilizikariri kama nilivyokariri hesabu shuleni.

Halafu akanipa kanuni tatu. Usimuue mtu ambaye mwandishi hakumuua. Usimpe bibi kitu ambacho sheria za enzi zake hazikumpa, maana wasomaji watakukamata. Na usimalizie kitabu cha mtu unayemfahamu.

"Kwa nini, Mzee?" niliuliza.

Alinitazama. "Kumbe unaongea." Alikoroga gundi kidogo kabla ya kujibu. "Kuna kitabu nilikimalizia nikijua kwamba mke wangu ndiye atakayekisoma. Nikaandika kwamba bibi alipanda farasi mweupe akaenda kwa mama yake. Niliona ni mwisho wa kumtuliza mtu. Wiki iliyofuata nilitoka msikitini, nikafika nyumbani nikakuta viatu vyake haviko mlangoni. Majirani walisema amebebwa na pikipiki. Nyeupe."

"Alienda kwa mama yake?"

"Mama yake alikuwa amekufa miaka saba."

Akarudi kwenye gundi yake. Nilifanya kazi chini yake miaka minne, nikamalizia vitabu ambavyo sikuhesabu, na kila kimoja kilienda kwa mtu ambaye kwangu alikuwa jina tu daftarini.

Baadaye alinipeleka tawi la Bungoma. Mkubwa wangu kule aliitwa Madam Msimamizi, mama mnene wa kwaya aliyepanga vitabu huku akiimba sauti ya tatu. Haya yangu ilimchekesha kila siku.

"Wewe msichana, ulimi uliuacha Kitale?"

"Hapana, Madam."

"Basi utumie bana! Hapa si makaburini."

Kule Bungoma wateja waliketi. Walivuta marobota, wakayafanya viti, wakasimuliana walichosoma. Aliyesimulia vizuri kuliko wote alikuwa Mama Robai, mjane mwembamba wa Sirisia aliyekuja kila Jumatatu. Binti yake Robai aliolewa Naitiri, kwa hiyo nyumbani alikaa peke yake na shamba la marehemu mume wake. Mdogo wa mume, ambaye yeye alimwita Shemeji tu, alikuwa akilidai shamba hilo.

"Huyu Bwana Hugo," Mama Robai alisema siku moja akipiga jalada kwa kidole, "ati anasema amekuja kumlinda mjane wa kaka yake. Kumlinda na nini? Si ni yeye mwenyewe ndiye hatari! Huyu ni Shemeji wangu kabisa. Tofauti ni farasi."

"Shemeji wako ana baiskeli," Madam alisema.

"Na haina breki!"

Walicheka mpaka Madam akajipangusa macho. Kisha Mama Robai akanigeukia. "Na wewe, msichana wangu, unaitwa nani?" Katika miaka yangu yote ya kuazimisha vitabu, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Tangu siku hiyo aliniletea ndizi au mahindi ya kuchoma, na nikawa nangoja Jumatatu.

Kitabu alichokuwa akikisoma kilihusu Bibi Idonia, mjane wa ngome moja kaskazini mwa Uingereza. Kilikuja na harufu ya moshi, na kilinipita mkononi bila kukaguliwa. Kilikatikia mahali pabaya kabisa. Bwana Hugo, shemeji yake, amefika langoni na watu wake na anataka afunguliwe kwa amani. Bibi Idonia anashuka ngazi za mawe akiwa na ufunguo mkononi. Baada ya hapo hakuna karatasi.

Mama Robai alinisimamia mezani. "Kwani alifungua ama hakufungua?"

"Sijui, mama. Kurasa hazipo."

"Basi si umalizie. Na umalizie haraka, maana hawa watu wangu wananiita kikao Alhamisi. Wanataka niwape ufunguo wa nyumba, ati nihamie jikoni kwa Robai."

"Utaenda?"

"Mwanangu, sijui. Nimechoka. Nitasoma kwanza nione mwenzangu alifanya nini."

Kanuni ya tatu niliikumbuka vizuri. Ningeweza kukipeleka kitabu Kitale kimaliziwe na Mwenye Duka, lakini kisingerudi kabla ya Alhamisi. Madam naye mwandiko wake haukusomeka hata na yeye mwenyewe. Na zaidi ya hayo, nilitaka kuandika. Nilitaka Mama Robai akae kwake. Hilo ndilo kosa langu, na silipambi.

Niliandika siku mbili, kurasa nne. Niliandika kwamba mvua ilinyesha jua likiwaka. Mbwa wa rangi ya manjano, asiyejulikana ni wa nani, alikuja akalala mbele ya lango. Bwana Hugo akafika na wanaume wawili, mmoja akichechemea, akaita jina la bibi mara tatu. Bibi Idonia hakujibu. Aliketi kwenye kiti kirefu cha marehemu mumewe, uso kwa mlango, ufunguo mapajani. Sentensi ya mwisho niliipenda sana. Niliandika, "Akakaa pale, na hakuna mtu aliyeweza kumtoa tena." Nikaufunga mkia kwa gundi, na Jumatano Mama Robai akaja, akakitia kitabu kwenye kikapu, akanishika shavu, akaenda.

Jumatatu iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Madam alisema labda kikao kilimchosha. Jumanne asubuhi aliingia mwanamume wa makamo, koti limefungwa mpaka shingoni ingawa kulikuwa na joto.

"Nani hapa anaandika vitabu?"

"Hapa tunaazimisha," Madam alisema. "Na salamu umeiacha wapi, baba?"

"Samahani, Madam. Habari ya hapa. Mimi ni shemeji ya Mama Robai wa Sirisia." Alivua kofia. "Ni hivi. Tulienda pale Alhamisi, mimi na vijana wawili wa kaka yangu mkubwa. Mvua inanyesha na jua liko. Tukakuta mbwa mlangoni, wa manjano, hata hatumjui. Nikaita. Nikaita mara tatu."

Nilikuwa na sindano mkononi. Niliiweka mezani, maana ilianza kunichoma.

"Kijana mmoja anachechemea?" niliuliza.

Alinigeukia polepole. "Alianguka na boda boda siku hiyo hiyo asubuhi. Wewe ulijuaje?"

Madam aliacha kupanga vitabu. "Endelea, baba."

"Tulichungulia dirishani. Ameketi kwenye kiti cha kaka yangu, anatazama mlango, ameshika ufunguo. Hajibu. Nikasema ni kiburi, tutarudi kesho. Kesho yuko vilevile. Leo ni siku ya ngapi? Jirani anampitishia uji kwenye vyuma vya dirisha, anafungua mdomo, anakunywa, lakini hainuki. Muuguzi alimshika mkono kupitia palepale, akasema mapigo ni mazuri. Fundi ameleta nyundo, kitasa kinamtazama tu. Tulitia mti mrefu dirishani tusukume kiti, watu watano, Madam. Kiti cha mbao! Ni kama tulisukuma mlima." Aliketi kwenye robota bila kukaribishwa. "Nilitaka shamba, sikatai. Lakini hii sikutaka. Na kitabu chenu kiko kwenye kigoda karibu na dirisha."

"Msichana," Madam aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia, "uliandika nini?"

Nikamwambia yote, neno kwa neno. Nilipofika kwenye sentensi ya mwisho, Shemeji alijifunika uso kwa kofia yake.

Madam alinipa kalamu, kisha akabadili mawazo, akanipa mbili. "Nenda ukaandike kitu kingine. Na ukiandika, fikiri."

Mimi na Shemeji tulifika Sirisia kabla ya saa sita mchana, jua kali, watu wakiendelea na shughuli zao. Nyumba ya Mama Robai ilikuwa ya matofali, na mbwa wa manjano alikuwa mlangoni. Hakubweka. Alikuwa vilevile kama nilivyomwandika, yaani hakuwa na kitu chochote ambacho sikukitaja. Sikuandika macho yake yalikuwaje, na hata sasa siwezi kukuambia yalikuwaje.

Robai alikuwa dirishani na kikombe cha uji. Alikuwa na uso wa mama yake, lakini umevimba kwa kulia. "Wewe ndiye mwenye mwandiko?" aliniuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilichungulia. Mama Robai alikuwa kitini, mgongo umenyooka, ufunguo mapajani, akitazama mlango kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini. Nilimsalimia. Kope zake zilipepesa, basi.

Nilinyoosha mkono kati ya vyuma nikachukua kitabu. Alikuwa ameweka jani kavu la mahindi kama alama, mahali pale pale ambapo kurasa za kiwandani zilikwisha. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kurasa zangu nne. Zilikuwa zimeshikana. Gundi ilikuwa nzima, nyeupe, haijaguswa na kisu.

"Hakuzisoma," nilisema.

"Nini?" Robai aliuliza.

"Mwisho. Hakuufungua kabisa."

Shemeji alirudi nyuma hatua mbili. Mpaka dakika ile nilikuwa nimejifariji kwamba labda Mama Robai alisoma nilichoandika akaamua kukiigiza, kwa hasira au kwa huzuni. Faraja hiyo iliisha pale dirishani.

Niliomba kisu. Robai akaniletea cha jirani, nikafungua kurasa mwenyewe. Chini ya sentensi ya mwisho palikuwa na nafasi ya mistari minane. Nililaza kitabu kwenye kizingiti cha dirisha.

"Andika ametoka," Shemeji alisema. "Andika tu ametoka, basi."

"Akitoka bila kurudi, si wewe ndiye utaingia?" Robai alimjibu.

Shemeji alisogea karibu na mlango.

Nilifikiri kama nilivyoagizwa. Nilikuwa nimeandika kwamba hakuna mtu aliyeweza kumtoa, kwa hiyo ilibidi ajitoe mwenyewe. Na kutoka peke yake hakukutosha. Ilibidi arudi, na si siku hiyo tu, maana Shemeji angeweza kungoja siku nyingine. Nikaipanga sentensi yote kichwani ndipo nikaanza.

"Kila asubuhi," niliandika, "Bibi Idonia alifungua lango kwa mkono wake mwenyewe."

Nilisikia kitasa. Sikuinua kichwa. Mlango ulifunguka, na mbwa akasogea kumpisha mtu.

"Akaenda sokoni."

Mama Robai alipita karibu nasi, kikapu mkononi, bila kutuona. Robai alimwita, akashika upande wa leso yake, na leso ikamteleza kama maji. Mama yake alishika njia ya sokoni kwa mwendo wa kawaida kabisa. Nyuma yake mlango ulibaki wazi, na Shemeji akautazama ule uwazi. Aliweka mguu mmoja ndani.

"Dada, andika mbio!" Robai alinipigia kelele.

Siwezi mbio. Sijawahi kuweza. Mwalimu alinichapa kwa ajili hiyo, na mtihani uliniacha nikiwa nusu ya karatasi kwa ajili hiyo. Nikijaribu kuharakisha herufi hupandana, na mwandiko ambao hausomeki sikutaka kujua ungezaa nini katika nyumba ile. Niliandika "na kila jioni" herufi kwa herufi, jasho likidondoka kwenye mkono, huku nikimwona Shemeji kupitia vyuma vya dirisha akiwa katikati ya chumba.

"Nataka kukiona tu kiti cha kaka yangu," alisema, sijui akimwambia nani. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye mgongo wa kiti.

"Akarudi kwake," niliandika, "akafunga lango, na nyumba ikawa yake."

Nilipoweka nukta, Shemeji alirudisha mkono ghafla kama aliyeshika sufuria ya moto. Alitoka kinyumenyume, akajikwaa kizingitini, akakaa chini vumbini. Mbwa hakuwapo tena.

"Kiti kina mtu," alisema.

Robai aliingia, akakizunguka kiti. Kilikuwa kitupu, na mama yake tulikuwa tukimwona kwa mbali barabarani, kikapu mkononi. Shemeji hakukubali kuingia kutazama tena. Wiki hiyo aliwaambia wazee wa ukoo kwamba hadai kitu, na kila nilipopata habari zake baadaye, alikuwa bado hapiti njia ile.

Mama Robai alirudi jioni jua halijazama, na chumvi, na sabuni, na kelele zake. "Mbona mmejaa hapa kwangu? Nani amekufa?" Robai alimkumbatia akilia. Mama hakukumbuka chochote. Kwake ilikuwa bado Alhamisi. Aliponiona dirishani na kitabu alifurahi. "Msichana wangu! Umekuja mpaka kwangu? Mwisho bado sijaufungua. Haya, niambie. Alifungua?"

"Alifungua, mama," nilisema. "Halafu akarudi kwake."

"Safi sana," alisema, akaingia kupika.

Nilirudi na kitabu Bungoma, nikakificha, nikaendelea kushona. Kumalizia nilikuwa nimekuacha. Robai, aliyekuwa amebaki Sirisia amtazame mama yake, alinipigia simu baada ya miezi miwili. Kwanza alishukuru, kisha akaeleza.

"Dada, mama anaenda sokoni."

"Ndiyo."

"Kila siku. Sijakosea, kila siku. Kuna mvua anaenda. Hana cha kununua anaenda. Juzi alikuwa na homa, anatetemeka, nikamshika, nikafunga mlango, ufunguo ukageuka wenyewe. Alishinda amesimama katikati ya soko mpaka jioni, kisha akarudi. Miguu imevimba. Mwenyewe anacheka, anasema ni mazoea tu. Lakini ni mzee, dada. Atakufa njiani. Hata Jumapili hakai. Andika apumzike."

Nilikitoa kitabu. Palikuwa na nafasi ya mistari mitatu. Kuandika kwamba bibi alipumzika sikuweza, na wewe uliyewahi kuhudhuria mazishi unaelewa kwa nini. Kuandika kwamba alibaki nyumbani kulinirudisha kwenye kiti. Kufuta kungerudisha sentensi ya kwanza peke yake. Kila neno nililomwekea Mama Robai nililiona likimfika kwa njia ambayo sikuikusudia. Nilikaa na kalamu siku tatu. Mwisho niliona kwamba nisimwandike yeye kabisa. Niandike kitu ambacho hakina mwili wa kuumia.

Nikaandika, "Lakini siku za Jumapili soko halikuwapo."

Kisha nikampelekea Madam kalamu zake zote mbili. Aliniuliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Ndivyo nilivyostaafu, kama neno hilo linamfaa mtu wa umri wangu. Sasa nashona sare za shule Kibomet. Uzi ni uleule, na nguo haina mwisho wa kuandikwa. Wapo vijana wanaokuja kuniuliza, kwa sababu wamesikia kwamba zamani riwaya za mabibi wa ngome zilikuwa na mikia, na wanataka kujifunza. Nawafundisha kunusa na kushona. Kitabu kikikosa kurasa nawaambia wakiazimishe hivyohivyo, msomaji alale na swali lake. Wengi huona nimekuwa mvivu. Mmoja aliniambia kwamba hadithi isiyo na mwisho ni wizi. Labda. Mimi nimeona mwisho ukifanya kazi, na sina tena ujasiri wa kumwandikia mtu mwingine.

Jumapili ya kwanza baada ya sentensi ile Robai alinipigia mchana. Nilimsikia mama yake nyuma akiimba na kufua nguo. "Amekaa," Robai alisema. "Ameamka, akatazama njia, akasema leo hakuna soko, akakaa. Ahsante, dada." Niliposhusha pumzi akaongeza jambo moja, kwa sauti ya chini, kama asiyetaka mama yake asikie. Alikuwa amepita sokoni akitoka kanisani, mahali ambapo kila Jumapili watu huuza mpaka jioni, na hapakuwa na mtu. Aliwakuta wauza nyanya na wauza samaki majumbani mwao, vikapu vimejaa, wameketi wakitazama njia. Aliwauliza kwa nini hawakwenda. Hakuna aliyejua, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.